Sheikh Rifaa at-Tahtawi: Imamu Aliyewafikishia Watu Wake Elimu kwa Lugha Yao

Kila taifa linalojitahidi kujiinua hukutana na swali hili: elimu ya sayansi na ufundi, ambayo kwayo mataifa mengine yamepata nguvu na utajiri, itaingiaje nchini na kudumu humo? Wako wanaodhani kwamba yatosha kununua mitambo na kuwaajiri wageni waiendeshe. Wako na wengine, hasa miongoni mwa watu wa dini, wanaohofu kwamba elimu hiyo, kwa kuwa inatoka kwa wageni, itawaharibia vijana imani yao. Maisha ya Sheikh Rifaa at-Tahtawi wa Misri yana jibu kwa makundi yote mawili. Yeye alikuwa mwanachuoni wa Al-Azhar, aliyepelekwa Ulaya ili awasalishe wanafunzi, wala hakupelekwa kama mwanafunzi. Lakini aliporudi ndiye aliyewanufaisha watu wake kwa elimu kuliko wengi wa wale aliowasalisha.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Rifaa alizaliwa mwaka 1801 katika mji wa Tahta, ulioko Misri ya Juu karibu na mto Nile. Ukoo wake ulikuwa wa masharifu, nao ulikuwa umetoa wanavyuoni wengi. Mwaka ule ule aliozaliwa, majeshi ya Wafaransa, yaliyoivamia Misri mwaka 1798 chini ya Napoleon, yalilazimika kuondoka nchini. Katika miaka ile mitatu Wamisri walikuwa wameona mambo mawili. Kwanza, waliona mizinga ikiwashinda wapanda farasi wao mashuhuri katika vita vya siku moja. Pili, waliona wataalamu waliofuatana na jeshi lile, wenye vyombo vya kupimia, vitabu vya elimu mbalimbali, na mtambo wa kupigia chapa. Watu wengi waliyakumbuka ya mizinga tu. Wachache waliyatafakari yale ya vitabu.

Mwaka 1805 utawala wa Misri ulishikwa na Muhammad Ali Pasha, askari aliyetoka katika nchi za Waturuki upande wa Ulaya. Pasha huyo alizifuta haki za zamani za kukusanya kodi za mashamba, ambazo zilikuwa riziki ya familia nyingi za heshima, na familia ya Rifaa ilikuwa mojawapo. Baba yake akawa mtu wa kuhamahama kutoka kijiji hata kijiji akitafuta riziki, huku mtoto akifuatana naye na kuhifadhi Kurani Tukufu njiani. Baba alipofariki, wajomba zake, ambao walikuwa wanavyuoni, walimfundisha misingi ya sheria na sarufi. Mwaka 1817, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, aliteremka mpaka Cairo kuingia Al-Azhar.

Huko Mwenyezi Mungu alimjalia kumpata mwalimu aliyebadili maisha yake, Sheikh Hasan al-Attar. Sheikh huyu alikuwa mmoja wa wachache waliokwenda kuwatazama wataalamu wa Kifaransa wakifanya kazi zao, akavistaajabia vyombo vyao na bidii yao. Baadaye alisafiri Uturuki na Shamu kuongeza elimu. Aliporudi aliamini kabisa kwamba nchi yake haina budi kubadilika na kupata elimu ambazo zilikuwa zimepotea kwake. Mbali na masomo ya kawaida ya dini, aliwasomesha wanafunzi aliowapenda historia, jiografia na elimu ya nyota. Rifaa alikuwa wa mbele miongoni mwao. Baada ya kuhitimu alifundisha Al-Azhar yenyewe kwa miaka miwili, kisha mwaka 1824 akawa imamu katika kikosi kimoja cha jeshi jipya la Pasha.

HAJA ZA MTAWALA

Yafaa tueleze hapa makusudi ya Muhammad Ali, maana bila ya hayo hatutafahamu yaliyompata Rifaa baadaye. Pasha alitaka jeshi lenye nguvu kama majeshi ya Ulaya. Jeshi lilihitaji waganga, kwa hiyo mwaka 1827 akaanzisha shule ya utabibu huko Abu Zabal chini ya mganga Mfaransa aliyeitwa Clot. Lilihitaji bunduki, nguo na baruti, kwa hiyo akajenga viwanda. Lilihitaji kanuni na vitabu vya mafunzo, kwa hiyo akaweka mtambo wa kupigia chapa huko Bulaq, na katika miaka ishirini, tangu 1822 mpaka 1842, mtambo huo ulitoa vitabu 243. Fedha za mambo haya zilitoka katika pamba na mazao mengine, ambayo Pasha aliyanunua kwa wakulima kwa bei aliyoipanga yeye na kuyauza nje kwa faida yake.

Jambo moja lilimsumbua tangu mwanzo. Waalimu wa kigeni hawakujua Kiarabu, na wanafunzi hawakujua Kifaransa. Katika shule ya utabibu, ambayo wanafunzi wake wa kwanza walikuwa vijana wapatao mia moja waliotolewa Al-Azhar, mwalimu alisema maneno yake, naye mkalimani aliyakariri kwa Kiarabu. Wakalimani hao hawakuwa waganga. Mtu anayetafsiri maneno ya ugonjwa asioufahamu hawezi kuyafikisha sawasawa, na mwanafunzi hawezi kumwuliza swali akajibiwa. Pasha aliona kwamba hana budi kuwapeleka wana wa nchi wakajifunze kwenye chimbuko lenyewe.

SAFARI YA PARIS

Mwaka 1826 wanafunzi zaidi ya arobaini walichaguliwa kwenda Ufaransa. Walipangiwa masomo ya uhandisi, kemia, utabibu, kilimo, mambo ya majeshi na utawala. Pasha alitaka wawe na maimamu wa kuwasalisha na kuwaongoza katika dini wakiwa ugenini. Sheikh al-Attar alipoombwa ushauri alimtaja Rifaa, na tena akamhimiza aandike habari za yote atakayoyaona huko.

Rifaa hakungoja kuambiwa asome. Walipokuwa bado wanasafiri baharini kutoka Iskanderia alianza kujifunza herufi za Kifaransa, na huko Marseille, walikowekwa karantini kwanza kama ilivyokuwa desturi ya bandari ile, aliendelea. Alipofika Paris alitoa katika posho yake mwenyewe fedha za kumlipa mwalimu wa faragha na za kununulia vitabu ambavyo serikali haikumpa. Alisoma usiku na mchana hata jicho lake la kushoto likadhoofika, na mganga akamkataza kusoma usiku. Hakuweza kulitii katazo hilo. Bwana Jomard, mtaalamu wa Kifaransa aliyekuwa mwangalizi wa wanafunzi wale, na ambaye zamani alikuwa katika safari ya Napoleon huko Misri, aliitambua bidii hiyo, na imamu naye akaingizwa katika masomo. Somo alilopewa lilikuwa kutafsiri.

Alikaa Ufaransa miaka mitano. Alisoma hesabu, jiografia, historia, sheria, na vitabu vya wenye hekima wa nchi ile. Mwaka 1830 aliona kwa macho yake Wafaransa wakimwondoa mfalme wao aliyetaka kuvunja sheria za nchi. Mwaka huo huo aliingia katika mtihani wa mwisho, akawatolea watahini tafsiri kumi na mbili alizozifanya mwenyewe za vitabu na sehemu za vitabu, akafaulu. Mwaka 1831 alirudi kwao.

Habari za safari hiyo aliziandika katika kitabu kilichopigwa chapa Bulaq mwaka 1834. Pasha aliamuru kigawiwe kwa maofisa na wanafunzi, kisha kikatafsiriwa kwa Kituruki. Katika kitabu hicho Sheikh anawasifu watu wa Paris kwa usafi wao, kwa kupenda kazi na kwa kutopoteza wakati. Hawasifu kwa kila jambo. Anaeleza waziwazi udhaifu wa dini aliouona, na anaonya kwamba baadhi ya vitabu vya falsafa vya kwao vina upotevu, na anayevisoma yampasa awe amekwisha kujikita katika Kurani na Sunna. Lakini hakusema vitabu vyote viachwe kwa sababu ya hivyo vichache.

Yako mambo mawili katika kitabu hicho ambayo yatufaa sana. La kwanza ni kwamba aliona huko mtu akitajwa kuwa ni mwanachuoni, watu hawafahamu kwamba ni mtu wa dini, bali ni mtu mwenye kujua elimu za maumbile na hesabu. Jambo hilo lilimtia fikira, kwa sababu kwao jina hilo lilikuwa limebaki kwa watu wa sheria na sarufi peke yao. La pili ni kwamba Mfaransa wa kawaida, akifungua kitabu cha hesabu, huanza kujifunza hesabu mara moja. Hatumii miaka kufumbua maneno ya kitabu kwanza, maana kimeandikwa kwa lugha anayoifahamu. Kwa Rifaa, hii ilikuwa sababu kubwa ya elimu kuenea katika nchi ile mpaka kwa watu wa kazi za mikono.

KAZI YA KUTAFSIRI

Aliporudi aliwekwa katika shule ya utabibu kama mfasiri, na mwaka 1833 akahamishiwa shule ya mizinga huko Tura. Mwaka 1834 tauni ilipoingia Cairo, alikwenda Tahta. Huko kwao hakukaa bure. Alitafsiri juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha jiografia cha Malte-Brun, akamletea Pasha, naye Pasha akamtuza.

Asidhani msomaji kwamba kazi hiyo ilikuwa rahisi. Mambo mengi yaliyokuwa katika vitabu vya Kifaransa hayakuwa na majina katika Kiarabu cha siku zile. Rifaa na wenziwe walifuata njia tatu. Kwanza walitafuta katika vitabu vya kale, kwa sababu wanavyuoni wa Baghdad, karibu miaka elfu moja kabla yao, walikuwa wamekwisha kutafsiri utabibu, hesabu na elimu ya nyota kutoka Kiyunani, na majina mengi yalikuwa yamelala humo yakingoja kuamshwa. Jina lisipopatikana, walitunga kutokana na mizizi ya Kiarabu. Na lisipotungika, waliliandika neno la kigeni kwa herufi za Kiarabu na kulitengeneza liweze kutamkwa na Mwarabu. Katika kitabu chake kimoja kilichotoka mwaka 1833 aliweka orodha ya maneno mageni na maana zake, ili msomaji asikwame.

Tena tafsiri hazikupelekwa mtamboni zikiwa ghafi. Masheikh wa Al-Azhar waliajiriwa kuwa wasahihishaji. Mfasiri alileta maana, na sheikh alihakikisha kwamba Kiarabu chake kimenyooka. Hivyo watu wa dini, ambao wengi walidhaniwa kuwa wapinzani wa elimu mpya, walikuwa washirika katika kuiingiza.

SHULE YA LUGHA

Mwaka 1835, kwa shauri lake Rifaa, Pasha alifungua shule ya kuwafundisha wafasiri, iliyojulikana baadaye kuwa Shule ya Lugha, katika jumba moja la mtaa wa Azbakiyya mjini Cairo. Rifaa aliwekwa kuwa mkuu wake. Wanafunzi wengi walikuwa wana wa vijijini. Walifundishwa Kiarabu, Kituruki na Kifaransa, na pamoja na lugha hizo hesabu, jiografia, historia na sheria. Sababu ya kuchanganya hivyo ni ile tuliyoiona katika shule ya utabibu: mfasiri asiyefahamu elimu yenyewe hukariri sauti tu.

Mmoja wa wanafunzi hao, Salih Majdi, aliandika baadaye maisha ya mwalimu wake. Anaeleza kwamba Sheikh hakujali saa katika kufundisha. Aliweza kusimama darasani muda wa saa tatu au nne, na pengine kuwaita wanafunzi usiku au kabla ya alfajiri. Kila mwanafunzi aliyeendelea alipewa kitabu akitafsiri chini ya uangalizi wake, na Sheikh mwenyewe alikipitia kabla hakijapigwa chapa. Salih Majdi akawa mfasiri wa vitabu vya uhandisi na hesabu, na akafundisha wengine.

Mwaka 1841 iliundwa ofisi ya tafsiri yenye idara nne: ya hesabu, ya utabibu na elimu za maumbile, ya historia na elimu za jamii, na ya Kituruki. Wakati huo huo Rifaa alipewa usimamizi wa gazeti la serikali, naye akalipa Kiarabu nafasi ya kwanza mbele ya Kituruki, lugha ya wakubwa. Kwa njia hiyo daktari wa wilaya, mpimaji wa mifereji na mwalimu wa shule walipata vitabu vya kazi zao katika lugha ya mama zao.

MTIHANI WA KHARTOUM

Lakini majengo haya yote yalikuwa yamesimama juu ya nguzo moja, nayo ni jeshi la Pasha. Mwaka 1841, baada ya mataifa ya Ulaya kumzuia asiivunje dola ya Uturuki, Muhammad Ali alilazimishwa kupunguza jeshi lake mpaka askari 18,000. Jeshi lilipopungua, haja ya viwanda na shule ilipungua pia. Shule nyingi zilifungwa. Viwanda navyo vilikuwa vimekwisha kudhoofika. Nchi haikuwa na makaa ya mawe, mitambo iliharibika, na mafundi wa kuitengeneza walikuwa wachache mno. Vingi vilisimama na kuliwa na kutu.

Muhammad Ali alifariki mwaka 1849. Mjukuu wake Abbas, aliyeanza kutawala mwaka 1848, hakupenda gharama hizo wala hakuwapenda watu walioinuliwa na babu yake. Shule ya Lugha ilifungwa. Mwaka 1850 Rifaa, mtu wa makamo, aliyewafundisha wafasiri wa nchi nzima, aliamriwa kwenda Khartoum, Sudan, kuwa mkuu wa shule ya watoto wadogo. Kila mtu alifahamu kwamba hiyo haikuwa kazi bali ni kufukuzwa. Pamoja naye walipelekwa waalimu wengine. Joto na homa ziliwaua wengi. Miongoni mwa waliokufa huko alikuwa Muhammad Bayyumi, mwana hesabu na mhandisi, ambaye alikwenda pamoja na Rifaa Ufaransa mwaka 1826. Fikiri, ndugu msomaji, ni miaka mingapi na fedha ngapi zilitumika kumpata mtu kama huyo, na jinsi alivyopotezwa.

Sheikh alihuzunika sana, nayo huzuni hiyo imo katika mashairi aliyoyatunga kule. Hata hivyo hakukaa akilia. Aliwafundisha watoto aliopewa, na katika saa zake alitafsiri kitabu cha Kifaransa cha Fénelon, kinachosimulia habari za mwana wa mfalme anayefundishwa namna ya kutawala kwa haki na kutowaonea raia. Kitabu hicho kilipigwa chapa Beirut mwaka 1867. Wenye akili walifahamu kwa nini alikichagua.

KURUDI NA KUANZA UPYA

Abbas aliuawa mwaka 1854, na Rifaa akaruhusiwa kurudi Cairo. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Chini ya Said Pasha aliongoza shule ya kijeshi na kuingiza humo masomo ya lugha na tafsiri, lakini nayo ilifungwa. Ismail alipotawala mwaka 1863, ofisi ya tafsiri ilifufuliwa, na Sheikh akawekwa tena kuiongoza. Kumbe wafasiri hawakuwa wametoweka. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wametawanyika katika ofisi na shule mbalimbali, na walipoitwa walikuja. Kwa mikono yao sheria za Ufaransa zilitafsiriwa, na shule mpya zikapata waalimu na vitabu.

Katika miaka hiyo ya mwisho aliandika mambo aliyokuwa ameyafikiri maisha yake yote. Katika kitabu chake cha mwaka 1869 alieleza kwamba ustawi wa nchi hutegemea mambo mawili: maadili mema yatokayo katika dini, na kazi zenye manufaa kwa wote, yaani kilimo, biashara na viwanda. Alisema kazi ndiyo inayoipa ardhi thamani, na kwamba mlimaji anastahili malipo yanayolingana na jasho lake. Aliwahimiza masheikh wa Al-Azhar wajifunze elimu mpya, akiwakumbusha kwamba elimu hizo, zinazoonekana leo kuwa za kigeni, zilikuwa elimu za Waislamu, nazo ziliingia Ulaya kwa kutafsiriwa kutoka Kiarabu. Kwa hiyo anayezichukua anarudishiwa mali yake.

Mwaka 1870 lilianza kutoka jarida la shule ambalo yeye alikuwa msimamizi wake, likichapisha habari za sayansi, historia na lugha kwa ajili ya wanafunzi na waalimu. Na katika kimoja cha vitabu vyake vya mwisho aliandika juu ya kuwafundisha wasichana pamoja na wavulana. Alisema elimu humfanya mwanamke kuwa mwenzi bora na mlezi bora, na humwezesha kufanya kazi pale inapohitajika. Katika nyumba yake mwenyewe alikuwa amemwandikia mke wake ahadi kwamba hataoa mke mwingine juu yake. Mwaka 1873 shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Cairo, na mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Sheikh Rifaa alifariki dunia akiwa na miaka sabini na miwili kasoro miezi michache. Mwenyezi Mungu amrehemu.

MAFUNZO TUYAPATAYO

Ndugu msomaji, hebu tuangalie nini kilichobaki katika kazi za Muhammad Ali. Viwanda vyake vingi havikudumu hata kufikia mwisho wa uhai wake. Jeshi lake lilipunguzwa kwa kalamu za mataifa mengine. Watawala waliomfuata walikopa fedha nyingi Ulaya, na mwaka 1876 Misri ikashindwa kulipa madeni yake. Mwaka 1882 Waingereza waliitwaa nchi, na baadaye masomo ya juu, hata ya utabibu, yaliondolewa katika Kiarabu na kufundishwa kwa lugha ya kigeni. Wamisri walipigania miaka mingi kuirudisha lugha yao shuleni.

Lakini shule ya utabibu iliyohamishiwa Qasr al-Ayni mwaka 1837 ingalipo, ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Cairo. Shule ya Lugha ilifufuliwa, na mwaka 1973, miaka mia moja kamili baada ya kufa mwanzilishi wake, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Ain Shams. Maneno mengi ya sayansi yaliyotafutwa na wafasiri wale yangali yakitumika. Kilichobaki basi ni watu waliofundishwa, na vitabu vilivyoandikwa kwa lugha inayofahamika. Mitambo inaweza kununuliwa kwa siku moja, lakini fundi na mwalimu hawapatikani ila kwa miaka mingi ya subira, na wakipatikana yapasa watunzwe, wasitupwe kama alivyotupwa Bayyumi.

Fundisho la pili ni hili. Elimu iliyoingizwa kwa ajili ya haja moja ya mtawala mmoja huanguka haja hiyo ikipita. Ile iliyomfikia mwana wa kijiji, ikamfanya naye awe mwalimu wa wenziwe, hujificha wakati wa dhiki na hutokea tena wakati wa faraja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa baina ya mwaka 1850 na 1863.

Fundisho la tatu latuhusu sisi tuliomo katika kazi ya dini. Kurani Tukufu inamwita mwanadamu mara kwa mara atazame uumbaji wa mbingu na ardhi na kuufikiri. Sheikh Rifaa alikwenda kuwasalisha wengine, naye hakuona kwamba sala zake zinamzuia asisome jiografia, wala kwamba jiografia inamzuia asisali. Aliyachuja aliyoyakuta kwa kipimo cha imani yake, akachukua yanayofaa, akayaacha yasiyofaa, na hakuwaficha watu wake lo lote katika hayo mawili.

Kwa hiyo imamu asiwakataze vijana wake hesabu na sayansi, bali awahimize. Mwalimu anayefahamu elimu hizo katika lugha ya kigeni ajitahidi kuzieleza kwa Kiswahili safi, hata kwa ukurasa mmoja mmoja. Na mzazi mwenye watoto wa kiume na wa kike awapeleke wote shule. Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kutafuta elimu yenye manufaa, na subira ya kuifundisha. Amin.